Fimbo Nyuma ya Kifuniko: Kisa cha Ombi Moja la Hataza

Kisa hiki ni cha pwani ya Kenya. Nimeondoa majina, mji na miaka, na sehemu chache za mashine nimezigeuza ili wateja wa karakana hiyo wasiitambue. Mpangilio wa barua, maamuzi na makosa nimeuacha ulivyokuwa, yakiwemo makosa yangu. Mvumbuzi nitamwita Fundi, na msaidizi wake nitamwita Kijana. Mimi ni mshauri anayewasaidia watu kuandika maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuiga uvumbuzi wako kwa muda maalumu.

## Usuli

Aliyewahi kufua nazi kwa kifuo anaijua kazi hiyo. Chuma kimesimikwa ardhini, ncha juu. Unaishindilia nazi, unapindua, makumbi yanang'oka. Ukiteleza, kiganja ndicho kinachofuliwa. Fundi, mchomea vyuma wa jua kali, aliona wafuaji wakichoka kabla ya adhuhuri huku malori yakisubiri, akaamua kuunda mashine.

Aliyoiunda ina rola mbili zenye meno, zinazozunguka kuelekeana kwa mwendo usiolingana, zikiendeshwa na injini ndogo ya petroli iliyotolewa kwenye pampu ya maji. Meno yanashika makumbi na tofauti ya mwendo inayachana. Kwa kuwa nazi hazilingani ukubwa, rola moja ameifunga kwenye mkono wenye springi ili ipishe nazi kubwa na kuibana ndogo. Juu kuna kibao cha chuma kinachoikandamiza nazi isiruke.

Toleo la kwanza lilifua vizuri ila lilipasua vifuu. Nazi iliyopasuka inamwaga maji, inaingia uchachu, na mwenye duka haipokei. Tatizo hilo lilirekebishwa karakanani katika wiki chache. Rekebisho hilo ndilo kiini cha kisa hiki, ingawa kwa miaka mitatu hakuna aliyelitaja.

## Kutoka maonyeshoni hadi risiti

Fundi aliipeleka mashine kwenye maonyesho ya kilimo. Watu walijaa. Walipotaka kuona meno yanavyofanya kazi, alifungua vifuniko vyote akaiacha wazi siku nzima. Shirika moja la maendeleo likapiga video ya dakika nne na kuiweka Facebook.

Miezi 5 baadaye aliwasilisha ombi la hataza kwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI. Aliliandika mwenyewe akisaidiwa na mpwa wake, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, ambaye pia alichora michoro. Kuomba mwenyewe si kosa. Mkazi wa Kenya halazimiki kutumia wakala. Kosa lilikuwa kwenye dai la kwanza. Dai ni sentensi inayotaja hasa kile unachotaka kilindwe, na lake lilisema hivi kwa maneno mengine: mashine ya kufua nazi inayofua nazi za ukubwa wowote kwa haraka bila kupasua kifuu.

Risiti ilipotoka, Fundi aliitia fremu na kuitundika, kisha akapaka rangi ubavuni mwa kila mashine: "IMESAJILIWA." Ombi likachapishwa kwenye jarida la KIPI baada ya miezi 18, kama sheria inavyotaka, na yeye akaona kuchapishwa huko ni uthibitisho zaidi.

Mwezi wa 31 tangu kuwasilisha, akanijia na hasira. Karakana moja umbali wa kilomita chache ilikuwa inauza mashine ya rola mbili kwa bei ya chini. Alitaka niandike barua ya onyo siku hiyo hiyo.

## Barua ambayo sikuiandika

Nilimwomba karatasi zake zote. Katika mfuko wa nailoni mlikuwa na risiti, nakala ya ombi, taarifa ya kuchapishwa, basi. Hapakuwa na ombi la uchunguzi wa kina.

Hapa ndipo waombaji wengi hupotea. Kuwasilisha hati ni hatua moja, na kuomba mchunguzi apime kama uvumbuzi ni mpya, una hatua ya uvumbuzi (yaani si jambo ambalo fundi wa kawaida angelifikia kwa urahisi) na unatumika viwandani ni hatua nyingine, yenye ada yake. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, mwombaji ana miaka 3 tangu tarehe ya kuwasilisha kuomba uchunguzi huo. Akikaa kimya, ombi linahesabiwa limeachwa. Fundi alikuwa amebakiwa na miezi 5, naye alidhani amemaliza miaka miwili iliyopita.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ulikuwa kutomwandikia jirani. Barua ya onyo isiyo na hataza nyuma yake humfundisha mpinzani kwamba huna kitu. Uamuzi wa pili ulikuwa kufuta neno "imesajiliwa" kwenye mashine na kuandika "hataza imeombwa". Alinung'unika kwamba wateja watadhani amenyang'anywa. Nikamwambia mteja akidanganywa kuhusu hati, atakuuliza umemdanganya nini kingine kwenye injini.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wangu na haukuwa mzuri. Kwa kuogopa tarehe, nilikaa mezani nikaliandika upya dai la kwanza kwa kusoma hati tu: mashine yenye fremu, rola mbili za meno zenye mwendo tofauti, moja ikiwa kwenye mkono wa springi. Angalau sasa lilieleza kitu, si matamanio. Nikaliwasilisha pamoja na ombi la uchunguzi katika mwezi wa 32. Karakanani sikufika. Wala sikufanya upekuzi wa hataza za nje, jambo ambalo lingenichukua siku moja kwenye hifadhidata ya bure ya Espacenet.

## Ripoti ya kwanza

Ilifika mwezi wa 38. Mchunguzi alikuwa ametaja hati tatu. Ya kwanza, ya Asia Kusini na ya miongo mingi nyuma, ilikuwa na rola mbili za meno zenye mwendo tofauti kwa ajili ya nazi. Ya pili ilikuwa na rola kwenye mkono wa springi kwa ajili ya kumenya zao jingine. Ya tatu ilikuwa na kibao chenye uzito juu ya rola. Hitimisho lake lilikuwa kwamba rola za dai la kwanza si mpya, na kuongeza springi ni jambo ambalo fundi yeyote mwenye ujuzi wa kawaida angelifanya akiwa na hati mbili za mwanzo mbele yake.

Fundi aliisoma kama tusi. "Huyo wa Asia simjui, sijawahi kumwona." Ilinibidi nieleze jambo ambalo kila mara ni gumu kulimeza: upya haupimwi kwa kuuliza kama uliiga. Unapimwa dhidi ya kila kilichowahi kuwekwa wazi popote duniani kabla ya tarehe yako, kwa maandishi, kwa kuonyeshwa au kwa kutumika. Unaweza kuwa mvumbuzi wa kweli kichwani mwako na bado umechelewa.

Hapo suala la maonyesho likaibuka pia. Kwa sheria ya Kenya, jambo lililowekwa wazi kwa vitendo vya mwombaji mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha halihesabiwi dhidi yake. Miezi 5 ilikuwa salama. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini ni ya nyumbani. Fundi alikuwa na ndoto ya kuuza Tanga na Mafia, na njia aliyoambiwa na rafiki ni ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare, ambalo kupitia Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Itifaki hiyo inasamehe kilichoonyeshwa kwenye maonyesho rasmi au yanayotambuliwa rasmi, kwa miezi 6 tu. Video ya Facebook si maonyesho. Isitoshe, miezi 12 ya kudai tarehe ya kipaumbele chini ya Mkataba wa Paris, yaani ombi la nje lihesabiwe kana kwamba liliwasilishwa siku ya lile la nyumbani, ilikuwa imepita kabla hatujajuana, na ombi lake mwenyewe lililochapishwa lilikuwa limekuwa kizuizi dhidi yake. Nilimwambia wazi kwamba hiyo safari imeisha. Anaweza kuuza Tanga apendavyo. Hawezi kumzuia mtu wa Tanga kumwiga.

## Siku ya karakanani

Kabla ya kujibu ripoti nilikwenda nilikopaswa kwenda mwanzo. Nilimwomba Fundi afue nazi ishirini, kubwa na ndogo zimechanganywa, nami nikasimama ubavuni na kifuniko kimeondolewa. Hakuna kifuu kilichopasuka. Nikashangaa, kwa sababu kwa jinsi dai letu lilivyoandikwa, zilistahili kupasuka.

Nyuma ya kifuniko niliona fimbo ya chuma, unene wa kidole, ikiunganisha mkono wa rola inayocheza na kibao cha juu. Nikauliza kazi yake.

"Ah, hiyo ni rekebisho tu, bwana. Nazi zilikuwa zinapasuka, huyu akachomea chuma pale."

Aliyeelekezewa kidole alikuwa Kijana, ambaye hadi hapo nilimjua kama mtu wa kuleta chai. Ndiye aliyenieleza, kwa kuisukuma rola kwa mkono. Makumbi yakiwa manene, rola inasukumwa nje, na fimbo inakivuta kibao chini, kinakaza. Makumbi yakishachanika rola inarudi ndani, fimbo inakiinua kibao, na mkandamizo unapungua kabla meno hayajakifikia kifuu. Mashine inajilegeza yenyewe kadiri nazi inavyovuliwa nguo.

Nikafungua hati tatu za mchunguzi pale pale, juu ya benchi lenye grisi. Hakuna hata moja iliyounganisha kibao na mkono wa rola. Ya tatu ilikwenda kinyume kabisa: ilishauri kuongeza uzito kwenye kibao ili nazi ishikwe vizuri zaidi. Mtu anayezisoma hati hizo angeongozwa kukandamiza, si kulegeza. Hicho ndicho kiitwacho hatua ya uvumbuzi, na kilikuwa kimefichwa na watu walioamini kwamba uvumbuzi lazima uwe kitu kikubwa.

Swali lililobaki lilinikosesha usingizi: je, fimbo imo kwenye ombi la awali? Huruhusiwi kuongeza kwenye ombi kitu ambacho hakikuwemo siku ya kuwasilisha. Katika maandishi ilitajwa mara moja tu, kwa namba yake ya mchoroni: "na fimbo 14 inayoshikanisha mkono na kibao." Basi. Lakini mchoro wa 3 ulikuwa na kila kitu, egemeo, matundu ya boliti na pembe ya mkono. Mpwa hakujua kipi ni muhimu, kwa hiyo alichora alichokiona. Laiti angekuwa mjuzi kidogo, pengine angeiruka fimbo ili mchoro usijazane.

## Njia mbili mezani

Tulikuwa na chaguo la kubadilisha ombi kuwa la cheti cha modeli ya matumizi, ambacho mimi hukiita hataza ndogo. Nchini Kenya hakidai hatua ya uvumbuzi. Kinadai upya na matumizi viwandani. Muda wake ni miaka 10 na haurefushwi, wakati hataza ni miaka 20 tangu kuwasilishwa. Kwa mashine nyingi za jua kali ningesema anza na hicho, na nasema hivyo kwa waombaji wengi kuliko wanavyotarajia kutoka kwangu.

Hapa hatukukichagua mara moja, kwa sababu ubadilishaji unawezekana wakati wowote kabla ya hataza kutolewa au kukataliwa. Tukakubaliana kujibu ripoti mara moja kwa nguvu zote. Ripoti ya pili ikija na pingamizi la hatua ya uvumbuzi, tutabadilisha bila ubishi. Fundi alitaka tupigane hadi mwisho, nilimkatalia. Kila jibu lina gharama, na hela ilikuwa inatoka kwenye mfuko wa kununulia vyuma.

Jibu letu la mwezi wa 40 lilikuwa na dai moja kuu lililojengwa juu ya fimbo 14, na madai matatu madogo yanayolitegemea. Hoja tuliiandika kwa aya nne: ripoti imesema nini, hati ya tatu inaelekeza wapi, fimbo inafanya nini, na mchoro wa 3 unaonyesha wapi.

Humo niliingiza vitu viwili ambavyo mchunguzi alivikata katika ripoti ya pili. Kimoja kilikuwa uwiano wa urefu wa fimbo na mkono, ambao tuliupima karakanani. Haukuandikwa popote siku ya kuwasilisha, na mchoro usio na vipimo hauwezi kuusema. Kingine kilikuwa kinga ya beringi dhidi ya nyuzi za makumbi, ambayo Fundi aliibuni mwaka wa pili. Nilijua hiyo ya pili haitapita. Niliiacha kwa sababu alinisihi, na huko kukubali kulitupotezea duru nzima ya barua. Kuhusu fimbo, mchunguzi alikubali kwamba kutokana na egemeo lililochorwa, mwendo wa kibao hauwezi kuwa mwingine.

## Jina la Kijana

Dai lilipohamia kwenye fimbo, mvumbuzi naye alihama. Ombi lilikuwa na jina la Fundi peke yake. Lakini mvumbuzi ni yule aliyetoa wazo lililo ndani ya madai, na wazo hilo sasa lilikuwa la mtu anayelipwa kwa siku, asiye na mkataba wa maandishi.

Fundi alipinga. "Chuma ni changu, mashine nimeilipia mimi, na mshahara wake nimempa." Katika hilo hakuwa amekosea kabisa. Sheria ya Kenya inampa mwajiri haki ya hataza kwa uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa kazi, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Lakini umiliki ni jambo moja na kutajwa kama mvumbuzi ni jingine. Zaidi ya hayo, kibarua wa kuchomea aliajiriwa kubuni? Wakili wa upande wa pili angelala na swali hilo akaamka nalo. Hataza yenye jina lililofichwa ina ufa ambao mpinzani ataupata siku mbaya kuliko zote.

Tulikaa kikao kimoja, na mke wa Fundi ndiye aliyekimaliza. Alimuuliza mumewe kama angekuwa radhi Kijana ahamie kwa yule jirani na fimbo yake kichwani. Tukaomba jina liongezwe, na tukaandika makubaliano ya ukurasa mmoja: wote ni wamiliki, mgawo wa faida ni upi, nani analipa ada ya kila mwaka, na hakuna anayeuza sehemu yake bila kumwambia mwenzake.

## Matokeo

Hataza ilitolewa mwezi wa 51. Kwa kuwa miaka 20 inahesabiwa tangu kuwasilisha, wamebakiwa na miaka 15 na miezi 9, ili mradi ada ya kila mwaka ilipwe.

Jirani hakuguswa. Mashine yake ina rola na springi, haina fimbo, kwa hiyo haiingii ndani ya dai. Dai ni kama bikoni za shamba: halisemi umelima nini, linasema unaishia wapi. Fundi alilipokea hili vibaya kuliko barua yoyote ya mchunguzi. Alilipa miaka minne ili amfunge mtu mmoja, na mtu huyo bado anauza. Ila mashine za jirani zinapasua vifuu, na wanaozirudisha wanakuja kuuliza habari za ile isiyopasua.

## Uchambuzi

Kilichookoa ombi ni mchoro kamili, na huo tuliupata kwa bahati. Tangu hapo sikubali michoro iliyosafishwa. Nataka kila boliti, kila fimbo, hata kile mwenyewe anachokionea aibu kwa sababu kilichomewa haraka.

Kilichotugharimu zaidi ni kwamba kwa miaka 3 hakuna aliyeuliza mashine inatofautiana na nyingine katika kitu gani. Fundi alijibu swali la "inafanya nini", nami nikajibu la "imeundwa vipi", na yote mawili yalikuwa maswali ya kando. Swali langu la kwanza kwa mwombaji sasa ni hili: kitu gani kilikushinda, na ulikifanyaje? Majibu huanza na "ah, hiyo ni rekebisho tu", nami hapo natoa kalamu.

Kuhusu maonyesho, sitamwambia fundi wa jua kali asionyeshe kazi yake. Maonyesho ndiyo soko lake. Lakini vifuniko vingeweza kubaki vimefungwa, au ombi likawasilishwa wiki moja kabla. Gharama ya kuacha wazi haikuonekana Kenya, ilionekana Tanzania.

Kuchelewa kuomba uchunguzi kungeliua ombi bila hata mchunguzi kulisoma, na silaumu mtu kwa hilo zaidi ya kusema kwamba risiti yenye muhuri inafanana mno na cheti. Kosa langu la kutofika karakanani kabla ya mwezi wa 32 liliwagharimu duru moja na miezi minane hivi. Ada ya duru hiyo sikuwatoza.

Imebaki kinga ya beringi. Haimo kwenye hataza, inahitaji ombi lake, na mashine tatu zenye kinga hiyo zimeshauzwa, kwa hiyo ile miezi 12 ya nafuu imeanza kuhesabu. Nimeandika tarehe ya mwisho kwa chaki juu ya mlango wa karakana, kwa herufi kubwa. Wiki iliyopita nilipita nikauliza michoro. Kijana alinionyesha nusu yake, nyuma ya kalenda ya mwaka jana.